Viwimbi vitano: rivyu ya mafundi waliochonga jiwe la shosho mara mbili

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya kijana mmoja tu wa mashine ya mchanga, nitamfikia. Jina la yadi siliweki hapa kwa sababu kosa walilirekebisha wenyewe bila kuniongezea hata shilingi, na pia nimeuliza watu walioenda kwingine nikakuta stori ni ile ile, kwa hivyo msidhani ni hawa peke yao. Lakini kama jina lenu ni la Kikuyu, Kikamba, Kimeru, Kisomali ama lugha yoyote inayoandikwa kwa hizi ABC zetu lakini si kwa mtindo wa Kizungu wala wa Kiswahili, soma yote kabla hujatoa dipoziti.

Basi. Shosho, yaani nyanya yangu, alitutoka mwaka juzi, tukamzika nyumbani Murang'a karibu na mparachichi wake, na wazee wakasema tungoje udongo ukae kwanza kabla ya kuweka jiwe. Mwaka huu ukakaa. Familia ikakaa kikao, mimi nikatupiwa kazi kwa sababu eti naishi Nairobi na najua mambo ya kompyuta, na mkishasemwa hivyo kwetu hakuna kukataa.

Yadi yenyewe iko upande wa Industrial Area, unaingia kwa geti la mabati, mawe yameegemezwa ukutani kama magodoro ya hosteli, vumbi jeupe mpaka kwa nyusi za mlinzi. Ofisi ni kontena lenye feni. Mapokezi siwezi kulalamika kabisa, dada wa pale alinipa kiti, akanipa chai, akanionyesha bei zimebandikwa ukutani, hakuna mambo ya kukuangalia viatu kwanza ndiyo akutajie bei. Terazo 12,000, granaiti nyeusi 28,000 ikiwa na maandishi, herufi 100 za kwanza ziko ndani ya hiyo bei na kila herufi inayozidi ni shilingi 40. Hiyo sentensi ya mwisho ikumbukeni, itarudi.

Kwa wale hawajawahi kuona, kazi inaenda hivi. Dizaina anapanga maneno kwa CorelDRAW, plota inakata stika nene ya mpira, wanang'oa vile vipande vya herufi, ile stika iliyobaki na matundu inabandikwa juu ya jiwe, halafu kijana anavaa kofia ya kioo na kupuliza mchanga kwa kompresa. Penye stika mchanga unadunda, palipo wazi panachimbika. Kisha rangi ya dhahabu inapigwa kwa yale mashimo na stika inavuliwa. Inachukua kama saa moja hivi na ukiitazama utapenda, mimi nilisimama pale mpaka nikasahau nilikuwa na kazi mjini.

Maandishi tuliyotaka hayakuwa ya ajabu. Juu CŨCŨ WANJIKŨ, katikati tarehe zake mbili na majina ya watoto, chini HURŨKA NA THAYŨ, yaani pumzika kwa amani, halafu mstari wa mwisho wa kutoka kwa familia, Murang'a. Nikampa dizaina kwa karatasi, nimeandika kwa mkono, herufi kubwa, viwimbi, yaani zile alama za ~ juu ya Ũ, nimevikoleza na kalamu nyekundu. Viwimbi vitano. Nikalipa nusu, nikaenda.

Jioni sampuli ya kwanza ikaingia kwa WhatsApp: CUCU WANJIKU, na chini HURUKA NA THAYU. Hakuna kawimbi hata kamoja. Nikapiga simu, dizaina akaniambia bosi jina nimelitoa kwa kopi ya cheti ulichotuachia ndiyo lisikosewe, cheti kinasema WANJIKU. Na ni kweli, kinasema hivyo, kitambulisho chake pia kilisema hivyo, kadi yake ya hospitali hivyo hivyo, yule mama ameishi maisha yake yote kwa karatasi za watu akiwa hana kawimbi. Nikamwambia weka. Akaniuliza, na hapa sikuwa na hasira kwa sababu aliuliza vizuri, "Kwani hizo si dekoresheni?"

Sasa ngoja nieleze kwa nini si dekoresheni, maana hata binamu zangu waliozaliwa mjini wananiuliza. Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Alfabeti tuliyoletewa ina nafasi tano tu za irabu. Waswahili hapo mlibahatika sana, nyinyi sauti zenu ni tano, herufi tano, mambo yakalala pale pale, hamjawahi kutafuta kitufe kwa kibodi mkakikosa. Sisi zile mbili zilizobaki ilibidi zitafutiwe pa kukaa, zikakaa chini ya kiwimbi. Ĩ ni kama e ya kubana na ũ ni kama o ya kubana. Kwa hivyo CŨCŨ ukilisoma linatoka shosho, maana C kwetu kwa wengi ni sh, na ndiyo hilo shosho ambalo Nairobi nzima inalitumia hata watu ambao hawajawahi kufika Murang'a. Toa viwimbi, CUCU, linakuwa shushu. Hilo si jina la mtu. Ni kama unamfukuza kuku.

Na haikuwa lazima viwe viwimbi. Mwaka 1928 wale wataalamu wa taasisi ya lugha za Afrika kule London walitoa alfabeti yao ya Afrika nzima, wakasema sauti kama hizi zipewe herufi mpya kabisa, ɛ na ɔ, na ukienda Ghana kwa Waakan na Waewe utazikuta mpaka leo. Kwetu zikagonga mwamba. Kenyatta mwenyewe miaka ya 1930 alikuwa University College ya London akimtolea matamshi mtaalamu wa sauti anaitwa Lilias Armstrong, mtu anasema neno na mwingine anaandika kila kitu kinachotoka mdomoni, na bado watu wa huku nyumbani waliendelea na viwimbi vyao na ndivyo viko kwa Biblia ya shosho.

Dizaina nilimpa toleo fupi la hayo. Akasema sawa bosi, nimekupata.

Sampuli ya pili ikaja usiku. C▯C▯ WANJIK▯. Visanduku! Nilicheka, halafu nikaacha kucheka nilipofikiria mama akiona hiyo picha. Shida hapo ilikuwa fonti. Ile wanayoipenda inaitwa Trajan, mnaijua hata kama hamjui jina lake, ni zile herufi kubwa za heshima za kwenye mabango ya sinema, na mafundi wa makaburi wanaipenda kufa. Ilichorwa na Carol Twombly wa Adobe mwaka 1989 akifuata herufi zilizochongwa chini ya mnara wa Kaisari Trajan kule Roma, mnara wa mwaka 113. Kopi waliyokuwa nayo pale kontena ilikuwa ya zamani, ya kuhamishwa na fleshi kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na haikuwa na Ũ ndani yake. Fonti isipokuwa na herufi inakutolea kisanduku, ndiyo maana yake, "hii sina".

Usingizi ukakataa, nikatafuta picha ya yale maandishi ya Roma yenyewe. Nikayapitia herufi kwa herufi nikimtafuta shosho. W haimo. J haimo. K haimo. U haimo, kila penye U wameweka V. Katika herufi saba za WANJIKU, lile jiwe lina tatu tu, A, N na I. Yaani fonti ya Kiroma kabisa kabisa haiwezi kuandika hata Wanjiku wa kwenye cheti, achilia mbali wa viwimbi! K Waroma walikuwa nayo ila waliitumia kwa nadra sana. U na V zilikuwa kitu kimoja. J ilikuwa ni I tu, mpaka mwaka 1524 Mtaliano Gian Giorgio Trissino akatoa hoja kwamba zitenganishwe. W ni V mbili zilizoshikana, watu wa kaskazini ya Ulaya waliziunga kwa sababu moja ilikuwa haiwatoshi. Hata G ni C iliyoongezwa kamkia, na hiyo ni Waroma wenyewe walifanya, karne ya tatu kabla ya Kristo. Nikampigia picha dizaina saa sita usiku nikamwambia ona, hizi herufi unazoziita za kawaida zote ni za kubandikwa bandikwa, yangu ni kubandika kamoja tu. Hakujibu. Ningekuwa yeye nisingejibu pia.

Asubuhi sampuli ya tatu. Amechukua ile alama ya ~ ya kwenye kibodi, ameipandisha juu ya herufi kwa mkono. Wazo zuri! Shida ni kwamba ameiweka kila mahali: WANJĨKŨ, HŨRŨKA, mpaka MŨRANG'A nayo ikapata. Akaniandikia, "Nimeweka kwa zote bosi isionekane imebagua." Sasa hapo ndipo nilifunga safari nikaenda mwenyewe, kwa sababu HURŨKA ina U mbili na moja ina kiwimbi na nyingine haina na ndivyo inavyotakiwa, ukiweka kwa zote umeandika neno lingine ambalo halipo. Na Wanjikũ ile i ni i ya kawaida. Cha kuchekesha ni kwamba Murang'a ya Kikuyu sahihi kweli ina kiwimbi, Mũrang'a, mimi ndiye niliyeiacha wazi kwa karatasi kwa sababu ndivyo tunavyoiona kwa mabango ya barabarani maisha yote. Kwa hivyo hapo dizaina kwa bahati alikuwa sawa na mimi nilikuwa nimekosea. Sikumwambia. Tukaiacha bila, iwe kama ya serikali.

Nikiwa pale kontena akaingia mzee mmoja Msomali, amekuja kuchukua kibao cha shaba cha mlango wa ofisi yake. Akakiangalia, akakirudisha mezani polepole. Yeye aliandika Xasan Cumar, wao wametoa Hasan Kumar. Dizaina, Mungu ambariki, alikuwa amemsaidia: X akaona ni kosa la kuandika akaweka H, na C akaisoma K akaona hapo pia mzee ameteleza. Mzee akasema, kwa Kiswahili safi cha Eastleigh, "Kijana, mimi si Mhindi." Tulicheka wote mpaka dada wa chai.

Lakini mzee alikuwa na haki kuliko hata mimi. Kisomali kilipata hizi herufi rasmi mwaka 1972 tu, kabla ya hapo walikuwa wamebishana miaka mingi kama waandike kwa Kiarabu, kwa Kilatini, ama kwa mwandiko wao wenyewe wa Osmania. Walipochukua Kilatini wakaangalia, hii X na hii C hazina kazi kwetu, tuzipe kazi. X ikawa ile h nzito ya Hassan, C ikawa ile ain, sauti ya kooni ya Kiarabu inayoanza Ali na Omar. Kwa hivyo Cali ni Ali, Ciise ni Issa, Xaliimo ni Halima. Hakuna kibodi maalum, hakuna viwimbi, herufi zote ziko kwa kila simu ya mulika mwizi. Kwa upande wa fonti wametuzidi mbali sana. Ila wanalipa kwingine, maana kila mtu asiyejua anadhani wamekosea spelingi. Waxhosa nao kule Afrika Kusini C, Q na X wamezipa zile sauti za kudata ulimi. Herufi moja, C: kwa shosho ni sh, kwa mzee ni ain, kwa Mxhosa ni kudata, na kwa Mswahili haiwezi hata kusimama peke yake, lazima ishikwe mkono na h.

Hapo nikaona kitu ambacho ndicho kilinifanya niandike hii rivyu badala ya kuacha nyota tu na kwenda. Ukutani mwao kuna sampuli za mawe ya Waislamu, yana aya kwa Kiarabu, kazi safi, hakuna nukta iliyokosewa. Nikamuuliza dizaina wewe unasoma Kiarabu? Akasema hata alifu sijui. Basi unafanyaje? Akasema kastama analeta picha tayari, mimi siigusi, nageuza iwe michoro nakata kama ilivyo, naogopa. Mnaona? Kiarabu anakiogopa kwa hivyo hakikosei. Kikuyu na Kisomali kwa sababu ni ABC anadhani anazijua, anarekebisha. Angekuwa haoni tofauti kati ya jina langu na Kichina tungemaliza siku ya kwanza. Nimefikiria hiyo maneno wiki nzima na bado sijapata mahali pa kuikosoa.

Sasa bili. Dada akahesabu, herufi 131. Zaidi ya mia ni 31, mara 40, shilingi 1,240. Nikahesabu mimi, 125. Tukahesabu pamoja na kalamu. Ile sita ya tofauti ni viwimbi vitano na king'ong'o, ile alama ya juu kwenye Murang'a. Wamehesabu kila kiwimbi ni herufi! Shilingi 240 si pesa ya kugombania mbele ya jiwe la kaburi, najua, lakini niligombana, kwa sababu ni swali tamu na sikuwa nimelala. Ũ ni herufi moja ama ni U na kitu? Kwa Kikuyu mtoto anafundishwa ni irabu yake, ina sauti yake, ni moja. Waswidi å, ä na ö zao wanaziweka mwisho kabisa baada ya z, herufi kamili zenye kiti chake, alfabeti yao ni 29. Waturuki nao walipohama Kiarabu mwaka 1928 walihesabu 29, na ç na ş na ğ zina viti, mpaka i yenye nukta na ı isiyo na nukta ni watu wawili tofauti. Wahispania ñ ni herufi, 27 jumla, na hiyo ñ ilianza kama n ndogo iliyopandishwa juu ya n nyingine na waandishi wa zamani kuokoa nafasi kwa ngozi ya kuandikia. Lakini Mfaransa ukimuuliza é atakwambia hiyo ni e imevaa kofia tu, alfabeti yangu ni 26. Kwa hivyo ukweli ni kwamba bili inategemea unaongea lugha gani. Nikamwambia dada, kwa heshima, hili jiwe linaongea Kikuyu. Akacheka, akafuta 200. Ile 40 ya king'ong'o cha Murang'a akakataa kata kata, akasema hiyo hata yeye anaiona kwa macho iko peke yake hewani. Nikalipa.

Sampuli ya nne ikawa sawa kabisa. Nikasema endelea, kwa maandishi, na nashukuru nilisema kwa maandishi.

Kwa sababu jiwe lilipotoka lilikuwa limechongwa kutoka faili la kwanza. CUCU WANJIKU, dhahabu juu ya nyeusi, limeng'aa, kosa safi kabisa. Faili zote nne zilikuwa zinaitwa jina moja na namba mbele, na aliyekata stika siku hiyo hakuwa yule dizaina, akachukua ya juu. Nilikuwa nimekuja na pikapu ya kukodi na wajomba wawili. Mjomba mkubwa akasema tulibebe tu, nani ataona, Mungu anajua. Mjomba mdogo hakusema kitu. Nikapiga picha nikamtumia mama, mama akajibu neno moja, shushu.

Niwe mkweli, na sisi hatuna mikono safi. Wakati wa matanga mimi ndiye nilikuwa natuma zile SMS za mchango kwa watu wote wa kamati, na ya kwanza niliiandika vizuri na viwimbi vyake, mfumo ukanikata mara mbili ya pesa niliyotarajia. Nikauliza, nikaambiwa SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ukiingiza hata ũ moja tu ambayo haiko kwenye orodha yao ya zamani, ujumbe wote unahamia mtindo mwingine na unabeba 70. Kawimbi kamoja, na SMS moja inakuwa mbili ama tatu. Kwenye ile orodha é ya Wafaransa imo, ñ ya Wahispania imo, ü ya Wajerumani imo. Zetu hazimo. Basi ya pili nikaituma bila, Cucu wetu Wanjiku, watu mia na kitu, na hakuna aliyelalamika, hata mama. Nadhani kwa simu tumeshazoea kujisomea kilichokusudiwa. Kwa jiwe ni kitu kingine, jiwe litasomwa na mtu ambaye hajawahi kumsikia akiitwa.

Meneja alikuja, akaona ile WhatsApp yangu ya kukubali sampuli ya nne, hakubishana. Jiwe jipya, kwa gharama yao, siku tatu. Hapo nawapa nyota zao bila kinyongo, wengi wangekwambia ulipie nusu.

Na hapo ndipo anaingia kijana wa mashine ya mchanga. Alikuwa amesikia kelele yote, akaja akaangalia sampuli kwa simu yangu, akasema hata hii ya nne ikija kwangu ilivyo nitaiharibu. Kwa nini? Akanionyesha kwa kucha. Kati ya U na kiwimbi kuna kaukanda ka stika kembamba kama uzi, mchanga ukipiga kale kaukanda kanang'oka, kiwimbi kinashikana na U, unapata kitu kama sufuria yenye kifuniko. Akasema kiwimbi kipandishwe juu kidogo, kinenepeshwe, na mstari wa juu wote uongezwe ukubwa, hata kama tarehe zitapungua. Dizaina hakuwa ameifikiria hiyo na wala mimi. Yule kijana hana ofisi, hana kiti, ana kofia ya kioo na vumbi, na ndiye mtu wa kwanza pale aliyekichukulia kiwimbi kama kitu chenye mwili. Nilimuuliza kama ni Mkikuyu, akasema hapana, yeye ni wa Busia, ila alishawahi kuharibu jiwe la Mkamba kwa njia hiyo hiyo, na Mkamba alilia pale mbele yake.

Kwa wale mtaenda, fanyeni hivi. Msipeleke maandishi, pelekeni picha ama PDF ambayo maneno yameshageuzwa kuwa michoro, wachukulie kama Kiarabu. Fonti msihangaike na za urembo. Times New Roman ya kawaida inazo Ĩ na Ũ zote, na kama mnataka ya kupendeza kuna Gentium, ya bure, imetengenezwa makusudi kwa lugha nyingi za herufi za Kilatini, jina lenyewe ni la Kilatini, maana yake ya mataifa. Ujanja mwingine nilipewa na jamaa mmoja wa kupanga vitabu na umenisaidia sana: tafuta fonti iliyoandikwa inakubali Kivietinamu. Wavietinamu wanaandika kwa Kilatini tangu enzi za wamisionari, kamusi ya Alexandre de Rhodes ilichapishwa Roma mwaka 1651, na wana ĩ na ũ kama zetu kabisa, ila kwao kiwimbi ni toni, sauti inavunjika katikati, si irabu nyingine. Wao ni watu wengi kwa hivyo watengeneza fonti wanawakumbuka, sisi tunaingia kwa mgongo wao. Fonti ya Kivietinamu itaandika jina la shosho wako bila kisanduku. Kwa kompyuta, ukiwa kwa Word, andika 0168 halafu bonyeza Alt na X, inageuka Ũ. Ĩ ni 0128.

Na hesabuni viwimbi kabla ya kulipa. Andikeni namba kwa risiti. "Viwimbi 5." Nilimwandikisha dada hivyo mara ya pili, na ndiyo kitu cha kwanza kijana alichoangalia kabla ya kuwasha kompresa, akahesabu kwa kidole, moja mbili tatu nne tano.

Jiwe la pili liko sawa. Delivari 4,500 mpaka Murang'a, walikuja watu wawili, wakaliweka na simenti vizuri, wakaosha mahali, wakakunywa uji wakaondoka. Viwimbi vinaonekana kutoka kwa njia. Mama anasema ni vikubwa kidogo. Ni kweli ni vikubwa, CŨCŨ inaonekana kama imekunja nyusi, lakini shosho mwenyewe alikuwa hivyo.

Nilichobakiza kulalamika ni hiki. Wiki jana nilipita pale yadi, jiwe la kwanza limeegemezwa nje kwa geti kama sampuli, CUCU WANJIKU na tarehe zake na majina yetu sote, watu wanalipigia picha kuuliza bei. Nikamwambia meneja hiyo haiwezekani. Akaomba msamaha akawaita vijana wakaligeuza uso ukutani. Nikamwambia ling'arishwe upya lifutwe kabisa, akasema mashine ya kung'arisha ina foleni. Ijumaa napita tena.